Mwanaume asiyefunguka: ukimya wake ulianzia wapi

Kuna mtoto wa mwaka mmoja ambaye kila mgeni humsifu. Mama akitoka chumbani, halii. Mama akirudi, hamkimbilii. Humtupia jicho mara moja, kisha huendelea na mchezo wake. Watu husema mtoto huyu hana usumbufu, na kama ni wa kiume huongeza kwamba ameanza uanaume mapema. Katika miaka ya 1970 watafiti nchini Marekani walipima mapigo ya moyo ya watoto wa namna hiyo. Walikuta moyo unakwenda mbio, na hata mama akisharudi unachelewa kutulia. Utulivu ulikuwa wa usoni tu.

Sasa watazame wanandoa wanaogombana. Kuanzia miaka ya 1980, wanasaikolojia wa Marekani John Gottman na Robert Levenson waliwaketisha watu na wenza wao maabara, wakawaacha wabishane juu ya jambo linalowakera kwelikweli, huku mashine zikisoma moyo na jasho. Mwenendo mmoja ulijirudia: mmoja anajifunga. Haangalii, haitiki, uso hauna habari. Katika takwimu za Gottman, takriban 85% ya waliojifunga hivyo walikuwa wanaume. Mke aliyeketi mbele yake anasoma dharau. Mashine inasoma moyo unaopita mapigo 100 kwa dakika.

Sisemi kwamba mtoto yule ndiye mume huyu; mambo si mepesi kiasi hicho, na nitaeleza kwa nini. Lakini kazi wanayoifanya ni ileile, ya kuificha haja ili isionekane na mtu ambaye huenda asiijibu. Mtu habebi tukio moja la utotoni hadi ukubwani kwa jinsi lilivyotokea. Hubeba jibu alilojipatia baada ya matukio mengi madogo, jibu la swali ambalo hakuwahi kulitamka: nikimhitaji mtu, nini hutokea? Jibu hilo hugeuka kanuni, na mwanaume anaweza kuiishi kanuni hiyo miaka hamsini bila kukumbuka nani aliiweka.

Mwanzo wa elimu hii

Hadi katikati ya karne ya 20, wataalamu wengi walishikilia kwamba mtoto humpenda mama kwa sababu mama ndiye chakula. Daktari wa akili wa Uingereza, John Bowlby, hakukubali. Yeye mwenyewe alilelewa zaidi na yaya, na yaya aliyempenda aliondoka Bowlby akiwa na umri wa takriban miaka minne. Baadaye akapelekwa shule ya bweni akiwa bado mdogo. Mwaka 1951 Shirika la Afya Duniani lilichapisha ripoti yake juu ya watoto waliotenganishwa na wazazi, na hoja yake kuu ilikuwa kwamba mtoto ana haja ya ukaribu wenyewe, kama alivyo na haja ya chakula. Mwaka 1958 mwanasaikolojia Harry Harlow akaonyesha jambo hilo kwa nyani: watoto wa nyani waliowekewa sanamu mbili, moja ya waya yenye chupa ya maziwa na nyingine ya kitambaa laini isiyo na kitu, walinyonya kwenye ya waya na kukimbilia ya kitambaa. Huko ndiko walikoshinda.

Aliyeileta nadharia hiyo kwa binadamu wa kawaida, nje ya hospitali na vituo vya yatima, ni mwanasaikolojia Mary Ainsworth, na hakuanzia Marekani. Alianzia Uganda, mwaka 1954, akizitembelea familia 26 za Waganda na kuandika kwa makini jinsi watoto wachanga wanavyowatumia mama zao kama kituo cha kutokea na kurudia. Baadaye, mjini Baltimore, alibuni jaribio la dakika ishirini hivi: mama na mtoto wanaingia chumba kigeni, mama anatoka, anarudi, anatoka tena, anarudi. Alichokitazama zaidi ni kurudi. Mtoto mwenye mfungamano salama (mfungamano ni kile kifungo cha moyo kati ya mtoto na anayemlea) hulia, hukumbatiwa, hutulia, hurudi kucheza. Mwenye mfungamano wa wasiwasi hung'ang'ania na kumpiga mama kwa wakati mmoja, hatuliziki. Wa tatu ni yule tuliyeanza naye, mwenye mfungamano wa kukwepa. Kundi la nne liliongezwa miaka ya 1980 na Mary Main na Judith Solomon: watoto wanaoganda katikati ya chumba, au kumsogelea mzazi huku wamegeuza uso, kwa sababu anayepaswa kuwakinga ndiye anayewatisha.

Watu wengi wakisoma makundi haya hukimbilia kujipachika moja. Si vibaya, ila kundi si ugonjwa wala tabia ya kuzaliwa. Mtoto anayekwepa amefanya hesabu nzuri. Amegundua kwamba akilia, mzazi hukasirika au husogea mbali. Akinyamaza, mzazi hukaa. Basi ananyamaza ili mzazi akae. Kwa mtoto wa mwaka mmoja, hiyo ni akili kubwa. Tatizo ni kwamba hesabu ileile ikipigwa miaka thelathini baadaye, mbele ya mke ambaye angekaa hata kama mume angelia, jibu lake ni kosa.

Mwaka 1987 wanasaikolojia Cindy Hazan na Phillip Shaver walichapisha maelezo matatu mafupi ya jinsi mtu anavyohisi katika mapenzi kwenye gazeti moja la Denver, wakawaomba wasomaji wachague linalowafaa. Katika majibu 620 waliyoyachambua, 56% walijiona salama, 25% walijitambua katika maelezo ya kukwepa, na 19% katika yale ya wasiwasi. Mgawanyo huo haukuwa mbali na ule wa watoto chumbani kwa Ainsworth.

Wavulana hawakuzaliwa wagumu

Hapa ndipo simulizi ya "wanaume ndivyo walivyo" inapokwama. Katika jaribio la Ainsworth, wavulana na wasichana hawatofautiani kwa maana: idadi ya wanaokwepa inakaribiana. Na ukiwapima watoto wachanga zaidi, picha inakwenda kinyume kabisa na inavyodhaniwa. Edward Tronick alibuni jaribio jingine katika miaka ya 1970, ambapo mzazi anacheza na mtoto, kisha ghafla anaukausha uso kwa dakika chache, haitikii chochote. Yeye na wenzake walipolinganisha watoto wa miezi sita, wavulana ndio waliopata shida zaidi kujituliza. Walilalama zaidi, walinyoosha mikono kutaka kubebwa zaidi. Kama kuna jinsia inayoanza maisha ikiwa na haja kubwa ya kusaidiwa kutulia, dalili zinaielekea ya kiume.

Ukubwani mambo yamepinduka. Uchambuzi wa Marco Del Giudice wa mwaka 2011, uliojumlisha tafiti zenye watu zaidi ya 60,000, ulikuta wanaume wakikwepa ukaribu wa kimapenzi zaidi kidogo kuliko wanawake. Nasisitiza "kidogo", kwa sababu tofauti ni ndogo na wanaume wanaong'ang'ania kwa wasiwasi wapo tele. Hata hivyo tofauti imetoka mahali. Haikuwepo kitandani kwa mtoto mchanga.

Sehemu kubwa, kwa maoni yangu, hutoka kwenye shule ya pili, ile ya rika na ya "jikaze". Niobe Way, mtafiti wa New York, amewahoji wavulana mwaka hadi mwaka wakipita balehe. Wakiwa na miaka 13 au 14 huzungumza juu ya marafiki zao kwa maneno ambayo mtu mzima angeona haya kuyatamka: wanasimuliana siri, wanasema bila rafiki huyo wangerukwa na akili. Wakifika 16 au 17, wengi wanazungumza tofauti. Rafiki wa siri hayupo tena, au yupo lakini "kila mtu na yake". Wengine husema wazi kwamba wanaumia, kisha huharakisha kuongeza kwamba si neno.

Ninaona uzito wa jambo hili haujathaminiwa vya kutosha. Tumezoea kumtafuta mama, na siku hizi baba, kila tunapoeleza mwanaume asiyefunguka, na tunapita haraka juu ya miaka ile ambayo kijana aliyelelewa vizuri kabisa alifundishwa na wenzake kwamba kumhitaji mtu ni udhaifu. Kijana mwenye kanuni ya kukwepa tangu nyumbani husikia dunia ikiithibitisha. Kijana mwenye kanuni salama huanza kuitilia shaka. Na wote wawili, wanapopata mpenzi, huja na mzigo ambao zamani uligawanywa kwa watu kadhaa: sasa haja yote ya kusikilizwa inamwelekea mwanamke mmoja, na mwenye haja hiyo hajui kuitaja. Mwanasaikolojia Ronald Levant ameandika tangu miaka ya 1990 kwamba wanaume wengi hukosa maneno ya hisia kwa sababu ya malezi ya kawaida tu, hata pasipo jeraha lolote. Ukimuuliza anahisi nini, anakwambia anachofikiri, au kwamba amechoka. Wala hadanganyi.

Kitandani

Mwili nao hujifunza. Mvulana aliyekumbatiwa hadi miaka sita au saba, kisha kukumbatiwa kukakoma kwa sababu "ameshakuwa mkubwa", huenda asiguswe tena kwa upole hadi siku atakapokuwa na mpenzi. Kwa mwanaume kama huyo tendo la ndoa hubeba mambo mengi kuliko ashiki. Ndiko anakoruhusiwa kushikwa, kuegemea, kupokelewa, bila kuomba kwa maneno. Basi mke anapokataa kwa sababu amechoka, anachosikia mume si "leo hapana". Anasikia kanuni ya zamani ikitimia. Hukasirika kwa ukali usiolingana na jambo lenyewe, au hujifunga siku tatu, na mke hubaki akiamini kwamba mume anautaka mwili wake tu. Wote wawili wamekosea kuhusu kilichokuwa kinaombwa.

Kinyume chake pia hutokea. Wapo wanaume ambao tendo huenda vizuri na mtu wasiyemjali, na huharibika pale mapenzi yanapoingia. Kuwa uchi mwili kwao ni rahisi. Kuonwa wakiwa na haja ndiko kunakotisha. Hapo mwili unaweza kugoma kabisa, na mwanaume akatafuta dawa ya nguvu wakati moyo ndio uliofunga breki. (Ugumu wa kusimamisha unaweza pia kuwa dalili ya kisukari au ya mishipa ya damu, kwa hiyo daktari kwanza, tafsiri za utotoni baadaye.)

Na lipo jambo zito ambalo wanaume hulisema mwisho kabisa, wakilisema. Utafiti mkubwa wa matukio mabaya ya utotoni, ulioanzishwa mjini San Diego na Vincent Felitti na Robert Anda na kuchapishwa mara ya kwanza mwaka 1998, uliwahoji watu wazima zaidi ya 17,000. Miongoni mwa wanaume, 16% walisema waliwahi kufanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Takriban mmoja kati ya sita. Kinachowafunga mdomo mara nyingi ni aibu ya namna mbili. Kama mtendaji alikuwa mwanaume, mvulana huogopa maana ya jambo hilo juu ya uanaume wake. Kama alikuwa mwanamke mkubwa, wenzake humwambia alibahatika. Zaidi ya hapo, mwili wa mvulana unaweza kusisimka hata akiwa na hofu, kwa sababu msisimko ni mwitikio wa neva tu, hauna maana ya ridhaa. Hakuna aliyemweleza hivyo, kwa hiyo anakua akiamini kwamba alitaka. Mwanaume huyu anaweza kuganda mke anapomgusa mahali fulani au kwa namna fulani, asijue sababu. Anaweza pia kuwa mtu wa wapenzi wengi, akihakikisha kila mara kwamba sasa ni yeye anayeamua.

Hofu yake nyingine ni kwamba atageuka kuwa kama aliyemtenda. Hilo lijibiwe wazi: wengi wa waliodhulumiwa utotoni hawaji kuwa wadhalimu. Hatari huongezeka kwa baadhi, hasa pale vitendo vilipoambatana na kipigo na upweke nyumbani, lakini kuongezeka kwa hatari si hukumu.

Kuhusu ugomvi wa wazazi, nitasema jambo moja tu, kwa sababu hufahamika vibaya. Mark Cummings, aliyetumia miongo kadhaa akichunguza watoto wanaoshuhudia watu wazima wakigombana, aligundua kwamba kinachowaumiza zaidi ni ugomvi usioisha. Watoto walioona wakubwa wakipatana walitulia, na hata kuelezwa baadaye tu kwamba wamepatana kulisaidia. Mvulana aliyeona kelele kisha mlango ukafungwa, na asubuhi kila mtu akajifanya hakuna kilichotokea, hakufundishwa kugombana vibaya. Hakufundishwa hatua inayofuata. Ukubwani anajua kuanza ugomvi na anajua kuukimbia, katikati hapajui.

Kamba hii ina nguvu kiasi gani

Samaki mkunje angali mbichi, watu husema, na wengi huondoka hapo wakiamini kwamba aliyekunjwa vibaya basi tena. Ushahidi ni mpole kuliko methali. Huko Minnesota, utafiti ulioanza katikati ya miaka ya 1970 umewafuata watoto tangu kabla ya kuzaliwa hadi utu uzima. Mwaka 2007 Jeffry Simpson na wenzake walionyesha mnyororo: mfungamano wa mtoto akiwa na miezi 12 ulihusiana na jinsi alivyomudu wenzake shule ya msingi, hilo likahusiana na usalama wa urafiki wake akiwa na miaka 16, na urafiki huo ukahusiana na namna alivyohisi na kutatua migogoro na mpenzi akiwa na miaka ishirini na kitu. Mnyororo, yaani hatua moja kwenda nyingine. Utoto mchanga haukurukia moja kwa moja kitandani mwa mtu mzima, na kila pete ya mnyororo ni mahali ambapo mwalimu, mjomba au rafiki angeweza kubadili mwelekeo. Uhusiano wenyewe kati ya mwanzo na mwisho ni wa wastani tu.

Kwa wanaume hasa, ushahidi mrefu kuliko wote unatoka Harvard, kwenye utafiti ulioanza mwaka 1938 na kuwafuata wanafunzi 268 wa kiume, pamoja na wavulana 456 wa mitaa maskini ya Boston. Robert Waldinger na Marc Schulz walichambua kumbukumbu za wanaume 81 kati yao mwaka 2016. Waliolelewa katika nyumba zenye upendo ndio waliokuwa na mfungamano salama zaidi na wake zao walipokuwa wazee, zaidi ya miaka sitini baadaye. Na katikati ya safari hiyo kulikuwa na kiungo kimoja: jinsi walivyokabili hisia ngumu wakiwa watu wa makamo. Waliozikabili badala ya kuzizika ndio waliofika salama. Kukabili hisia ni jambo linaloweza kujifunzwa ukubwani.

Mary Main na wenzake waliliona hilo kwa njia nyingine. Katika mahojiano waliyoyabuni miaka ya 1980, mtu mzima huombwa maneno matano ya kuelezea uhusiano wake na mama, kisha kumbukumbu moja inayounga mkono kila neno. Mtu wa kukwepa hutoa maneno matamu haraka: mwenye upendo, mzuri, wa kawaida. Akiombwa mfano, hakuna. Au mfano anaoutoa unapingana na neno lenyewe, kama aliyevunjika mkono akaogopa kusema nyumbani. Wengine utoto wao ulikuwa mbaya, na wanausimulia mbaya, kwa mifano, bila kuzama wala kuruka. Hao huhesabiwa kuwa na usalama wa kujipatia, na tafiti zilizowatazama na wapenzi wao zimekuta mahusiano yenye ubora sawa na ya waliolelewa vizuri.

Njia ya kufika huko huwa na mtu mwingine ndani yake: mwenza mvumilivu, mtaalamu wa unasihi, pengine babu aliyekuwa akisikiliza. Nickola Overall, Simpson na wenzao walirekodi wapenzi wakizungumzia mgogoro, wakakuta kwamba mtu wa kukwepa alipoombwa kubadilika na mwenza aliyelainisha maneno, aliyepunguza ukali na kuonyesha kwamba anazithamini juhudi zake, hasira na kujitenga kwake vilipungua. Akibanwa, hurudi kwenye hesabu ya zamani. Upande wa mwanaume, ushauri wa Gottman ni wa kimwili kabisa: moyo ukishapita kiwango, mazungumzo hayaendi, basi pumzika walau dakika ishirini, lakini taja saa ya kurudi, na urudi. Kuondoka bila kutaja saa ndiko mwenza hukusikia kama kuachwa.

Mambo haya hayamgeuzi mke kuwa tabibu. Maelezo ya utoto yanaeleza ukimya na woga. Hayahalalishi kipigo, wala hayamlazimu mtu yeyote kukaa anapoumizwa ili mwenzake apone. Mwanaume anayepiga ana kazi ya kufanya akiwa mbali na anayempiga. Aliyefanyiwa ukatili wa kingono naye anahitaji mtaalamu aliyesomea majeraha ya namna hiyo, kwa sababu mpenzi mwema anaweza kumfariji lakini hawezi kuufundisha mwili wake kwamba hatari imekwisha. Matibabu hayo huenda polepole, na kwa kawaida hayaanzi na tukio lenyewe. Huanza na kumfundisha mtu kutambua pumzi inapokatika na misuli inapokaza, huku akiwa ameketi mahali salama, na uamuzi wa lini aanze kusimulia ukiwa wake.